Jibini Lililotoroka

Verlyn alimwoa mama yangu Novemba,
akahamia kwetu na buti mbili, redio moja,
na kisu cha jibini chenye mpini wa mfupa,
zawadi ya kiwanda kilipofungwa.
Miaka kumi na tisa aligeuza maziwa kuwa magurudumu,
kisha wakaja wenye tai, wakahesabu mapipa, wakatia kufuli.
Sasa anaendesha gari la kaunti la kufyeka theluji.
Mimi nina miaka kumi na mitatu,
nimeapa sitamwita jina lolote.

Jumanne ile Kewaunee ilikuwa nyeupe pe.
Shule imefungwa, ziwa limefutika,
mama yuko zamu ya usiku, hospitali ya Green Bay.
Verlyn kasimama jikoni, aproni ya mama imemkaba tumbo,
anaiambia meza, maana mimi simjibu:
"Leo mkate wa nyama. Wenye moyo."

Alinawa hadi viwikoni, kama mpasuaji.
Nyama ya kusaga, ratili mbili, ya ng'ombe na kidogo ya nguruwe.
Kitunguu hakukikata, alikikuna,
machozi yakamshuka, akayaacha yashuke.
Mkate wa juzi akauloweka kwenye maziwa
ukalegea kama mtu aliyesamehewa.
Yai. Chumvi. Kijiko cha haradali.
Akachanganya kwa ncha za vidole:
"Ukiifinya sana inanuna, inakuwa tofali."
Sikuwa nimeuliza.

Kisha akafungua kifuko cha punje za jibini,
la asubuhi ile ile, bado lina umande.
Akaweka punje tatu ukingoni mwa meza, upande wangu,
akageuka kutazama nje, ambako hakukuwa na cha kutazama.
Nikala.
Zililia katikati ya meno, kwi, kwi, kama viatu vipya.
"Jibini likinyamaza," akaliambia dirisha,
"ujue limezeeka."

La kujazia lilikuwa jingine, la manjano, gumu, la miaka miwili.
Akalikata vijiti vinene kama vidole vyake.
Nusu ya nyama chini, akachimba mfereji,
akavilaza vijiti humo, akavifunika kwa nusu nyingine,
akaanza kuziba, kuziba, kupapasa, kuziba.
"Kila ufa. Likipata moto hutafuta mlango."
Juu akapaka sosi ya nyanya na sukari guru.

Mkate haujakaa ovenini dakika kumi, simu ikalia.
Lori limelala kifudifudi barabara kuu.
Akavaa buti, akanitazama mara ya kwanza siku ile:
"Saa nzima. Kengele ikilia, zima."
Na mlango ukamfuata.

Nilikaa sakafuni mbele ya kioo cha oveni.
Dakika ya arobaini nikauona: ufa, mwembamba kama unywele,
pale kwenye kona aliyopapasa mara tatu.
Tone moja la manjano. La pili. Kisha mto.
Nikafungua, nikajaribu kulirudisha kwa kijiko,
nikaungua kidole gumba, nikatukana tusi la mama,
nikafunga.
Jibini likatambaa hadi pembe za sinia,
likatokota, likakauka, likawa la kahawia.

Alirudi saa nne kasorobo, kope zake zina barafu.
Nilikuwa nimejiandalia kimya, lakini kikanivunjikia mdomoni:
"Limetoroka, Verlyn."

Akainama. Akachukua kile kisu cha mpini wa mfupa,
akakibandua kile kigamba chote kwa mkupuo mmoja,
kipana kama ramani, kinang'aa mafuta,
akakivunja vipande viwili.
Cha kwake kilikuwa kidogo.

Tulikula tumesimama, makombo kifuani,
na kelele za kutafuna zilikuwa kubwa kuliko redio.
Kisha tukala nyama yenyewe, kavu kidogo pembeni.
Hakunipa pole ya kidole.
Aliweka tu theluji kwenye kikombe, akakisogeza.

Mama alifika alfajiri, koti halijavuliwa,
akakata kipande, akachungulia lile handaki tupu.
"Nani kala jibini?"

Verlyn alitazama dari.
Mimi nilitazama kikombe.